Mkwara Mezani, Injili Wakati wa Mapumziko

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, na huu ni mwaka wa sita nikiongoza kikundi kidogo cha kujifunza Biblia kanisani kwetu. Ninakuandikia kwa sababu jambo nililolianza kwa nia njema limenifikisha mahali ambapo sijui kama niendelee au niache, na watu wawili ninaowaheshimu wamenipa majibu yanayopingana.

Mwaka mmoja na nusu uliopita, mwenzangu kazini alinikaribisha kwenye mashindano madogo ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, ambayo hufanyika nyumbani kwake kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Kwa kawaida huwa tunakuwa watu kumi. Kila mmoja hutoa kiingilio kisichozidi gharama ya mlo mmoja wa jioni, hupewa idadi ya chipu (vidude vya kuwekea dau badala ya fedha) iliyo sawa na ya wengine, na anayeishiwa huondoka mezani. Fedha zote zilizokusanywa hugawanywa kwa watatu wa mwisho: wa kwanza huchukua nusu, wa pili asilimia 30, na wa tatu asilimia 20. Mwenyeji hachukui chochote. Nilikubali kwenda kwa sababu niligundua, kwa aibu kidogo, kwamba ukiwaondoa watu wa kanisani sikuwa na rafiki hata mmoja, na nikaona kwamba huenda Mungu amenifungulia mlango wa kuwafikia watu ambao hawangekubali kuketi nami kwenye ibada.

Miezi ya kwanza nilikaa kimya, nikijifunza mchezo. Baadaye nikaanza kushuhudia. Nilikuwa naweka vipeperushi vya Injili kando ya chipu zangu. Nikishinda fungu kubwa nilitamka kwa sauti kwamba Mungu ni mwema. Na mara nyingine, kabla ya karata ya tano, ya mwisho kati ya zile za wote, kufunuliwa mezani, nilifumba macho nikaomba, nusu kwa utani na nusu kwa kweli. Sikuona kwamba kuna aliyechukizwa.

Mwezi uliopita nilibaki kwenye mzunguko mmoja na mzee mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee. Mezani, kati ya karata za wote, zilikuwa zimefunuliwa kopa nne, na mwenye kopa hata moja mkononi angekuwa nazo tano na kumshinda mwenye jozi; mimi mkononi sikuwa na kopa hata moja. Nilikuwa nimelamba magarasa matupu, saba na mbili. Nikaamua kupiga mkwara, yaani kujifanya nina karata kubwa. Nikasukuma chipu zangu zote mbele, nikamtazama Mzee machoni pasipo kupepesa. Alifikiri kwa muda mrefu, akaugusa ukingo wa karata zake mara mbili, kisha akazitupa zikiwa wazi: zilikuwa ree mbili nyeusi, karata kubwa kuliko zote. Mimi nikafunua magarasa yangu, na meza nzima ikaangua kicheko. Baada ya migao michache chipu zake zilikwisha, akatoka. Wakati wa mapumziko nilimfuata nje, nikamweleza kwamba Yesu anampenda na kwamba hayo ninayomwambia ni kweli ambayo nimeijenga maisha yangu juu yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, robo saa iliyopita ulinitazama kwa macho hayo hayo." Akaingia ndani kuchukua koti lake.

Wiki iliyofuata mwenyeji aliniita kando na kuniambia kwamba wananipenda, lakini wapo ambao sasa huuliza kwanza kama nitakuwepo ndipo wathibitishe kuja. Mzee wa kanisa niliyemweleza habari hizi alinijibu kwamba kamari ni kamari hata ikiwa ya senti moja, na kwamba niondoke mara moja. Mke wangu, kwa upande wake, anasema Yesu alikula na watoza ushuru, na kwamba nikiondoka hakuna mwingine kutoka kanisani atakayekwenda pale.

Nilisahau kutaja kwamba kijana mmoja kati yetu, ambaye siku hizi hutoka mapema na kununua chipu upya mara mbili au tatu kwa usiku mmoja, amekopa kwangu fedha za kiingilio mara mbili, nami nimempa kwa moyo mweupe, nikitumaini kwamba wema huo utamfanya anisikilize. Na kwa kweli ndiye pekee anayeniuliza maswali ya imani.

Je, ninatenda dhambi kwa kucheza? Na kama sivyo, nawezaje kuishiriki imani yangu mezani bila kuwafukuza watu?

Mwenye Karata Mkononi

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, Amina, na asifiwe milele.

Nianze na maneno ya Mzee, kwa maana nadhani ndiyo yaliyokufanya uandike, ingawa umeyaweka katikati ya barua kana kwamba ni kisa cha kupita tu. Alichokwambia si kwamba Wakristo hawapaswi kupiga mkwara. Ni mchezaji wa siku nyingi, na naamini naye ameupiga mara nyingi kuliko wewe. Alichokwambia ni kwamba hana namna ya kutofautisha uso wako wa mchezo na uso wako wa kweli, na hilo ni shitaka zito zaidi kwa mtu aliyetoka nje kumletea habari anazotaka ziaminiwe.

Wako watakaokwambia kwamba mkwara wenyewe ni uongo na hivyo umevunja amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Mimi siendi umbali huo. Kila aliyeketi mezani amekubali tangu mwanzo kwamba nyuma ya chipu zinazosukumwa mbele panaweza kuwa na ree mbili au pasiwe na kitu, kama vile mchezaji wa mpira anavyoinamisha bega kushoto kisha akapita kulia, na beki hamwendei mwamuzi kulalamika kwamba amedanganywa. Augustino, askofu na mwanateolojia wa kale aliyeandika kitabu kizima kuhusu uongo mwishoni mwa karne ya 4, aliuondoa utani katika hesabu ya uongo kwa kuwa sauti na hali ya msemaji zinaonyesha wazi kwamba hakusudii kudanganya. Hoja yake haiingii kwenye poka moja kwa moja, kwa sababu ndani ya poka unakusudia hasa mwenzako akosee. Kinachouokoa mkwara ni ridhaa ya wote waliokaa, na ridhaa hiyo ina mipaka. Inaishia ukingoni mwa meza. Inahusu karata na chipu, haihusu yale unayomwambia mtu kuhusu nafsi yako, afya yako, fedha zako au Mungu wako.

Kwa hiyo nakupa kanuni moja ambayo ningekuwa mchezaji ningeishika bila kuilegeza: acha chipu zako zipige mkwara, lakini mdomo wako usipige kamwe. Wapo wachezaji wanaoapa kwamba hawana kitu huku wamekumbatia jozi ya wafalme, na wapo wanaomwambia mwenzao "nakuhurumia, tupa tu" ilhali wanaogopa asifuate dau. Kanuni za mezani mara nyingi huyavumilia hayo. Wewe usiyafanye. Ukiulizwa una nini, tabasamu na unyamaze. Baada ya miezi kadhaa, bila wewe kutangaza chochote, meza itatambua kwamba chipu za mtu huyu zinaweza kusema lolote lakini alichokitamka kwa kinywa chake kiko hivyo kilivyo. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Siku utakapomwambia mtu wa meza ile kwamba Kristo amefufuka, atakuwa na sababu ya kukufikiria.

Lakini turudi kwa Mzee, kwa maana kuna jambo ambalo naona hujalitambua. Alipotupa karata zake, mzunguko ulikuwa umekwisha na fungu lilikuwa lako. Hakuna kanuni ya poka inayomlazimisha mshindi kuonyesha karata pale ambapo wengine wote wamezitupa zao. Kwa nini basi ulizifunua? Ulizifunua ili meza icheke. Mtu aliyekuzidi umri alikuwa ameshika jozi iliyo kubwa kuliko zote, ambayo kwa wastani mchezaji huipata mara moja tu katika migao 221. Mkicheza migao 20 kwa saa kwa muda wa saa tatu, mtu anaweza kukaa Jumamosi tatu au nne mfululizo bila kuiona. Aliipata usiku ule, akaiachia kwa busara, kwa sababu kopa nne mezani zilimtaka aogope. Nawe ukamgeuza kichekesho mbele ya watu wanane. Mkwara ulikuwa halali, ila kuonyesha magarasa kulikuwa majivuno, na robo saa baadaye majivuno hayo yalitoka nje kwenda kuhubiri upendo. Sishangai kwamba alikwenda kuchukua koti.

Sasa kuhusu zile sala na ule usemi wako kwamba Mungu ni mwema. Naelewa kwamba kwa mdomo wa mtu wa kanisani maneno hayo hutoka yenyewe, kama chafya. Hebu yasikilize, hata hivyo, kwa masikio ya mtu ambaye chipu zake ndizo umezikokota upande wako. Anachosikia ni kwamba Mungu amemnyang'anya yeye ili akupe wewe, na kwamba mara iliyopita, ulipopoteza, Mungu huyo alikuwa safarini. Mithali 16:33 husema kwamba kura hutupwa katika mikunjo ya nguo lakini hukumu zake zote ni za Bwana, na mitume walipiga kura walipomchagua Mathiya kujaza nafasi ya Yuda. Lakini kura ile ilitanguliwa na sala ya watu waliotaka kujua mapenzi ya Mungu, si ya mtu anayengojea karata ya tano. Nakusihi uache kuomba mezani kwa mzaha. Kama ni kuomba, waombee watu hao kwa majina yao siku ya Ijumaa, nyumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa.

Ushuhuda wako mezani hauko kwenye kushinda hata kidogo. Uko pale utakapopewa wewe ree mbili, uweke chipu zako zote, mwenzako akufuate akiwa na wafalme wawili, na karata ya mwisho iwe mfalme. Jambo hilo si nadra: katika pambano la namna hiyo wafalme hushinda takriban mara 18 katika mia. Utakuwa umecheza sawasawa na umepoteza, na kwa sekunde kumi hivi watu tisa watakuwa wanautazama uso wako. Mtu anayeweza kusema "umecheza vizuri" bila kuuma meno, akainuka, akaanza kuwagawia wengine karata kwa sababu mgawaji anahitajika, ameeleza jambo ambalo vipeperushi vyako haviwezi kulieleza. (Kwa bahati mbaya jina la Yesu tayari lina historia yake kwenye poka: Chris Ferguson, aliyeshinda shindano kuu la World Series of Poker mwaka 2000, alipachikwa jina hilo kwa sababu ya nywele zake ndefu na ndevu. Ingefaa lijulikane kwa sababu nyingine.)

Nije kwenye swali lako la dhambi, ambalo halina jibu moja miongoni mwa Wakristo, na mzee wako wa kanisa hapaswi kudharauliwa. Biblia haina aya inayosema "usicheze karata kwa fedha," lakini kanisa halikulichukulia jambo hili kuwa dogo. Sinodi ya Elvira, mkutano wa maaskofu uliofanyika Hispania mwanzoni mwa karne ya 4, iliamua katika kanuni yake ya 79 kwamba Mkristo anayecheza dadu kwa fedha azuiwe kushiriki meza ya Bwana, na arudishwe baada ya mwaka mmoja iwapo ameacha. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha kwamba haturuhusiwi kupata fedha kwa njia inayomdhuru jirani, akaitaja kamari katika njia hizo, na Wamethodisti wengi wanalishika hilo hadi leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2413, inasema kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake, lakini haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba shauku ya kamari inaweza kugeuka utumwa. Kama kanisa lako linafundisha kwamba ni marufuku, na wewe ni kiongozi ndani yake, basi unadaiwa utii au walau mazungumzo ya wazi na mchungaji wako kabla ya Jumamosi nyingine. Usiwe mtu anayefundisha Warumi 14 Jumatano na kujificha Jumamosi. Na kama dhamiri yako mwenyewe inakusuta, sura hiyo hiyo inakuamulia, kwa kuwa inasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi.

Kwa maoni yangu, kiingilio kidogo kinachojulikana tangu mwanzo, ambacho kila mmoja anaweza kukipoteza bila mtu wa nyumbani kwake kukosa chochote, kinakaribia zaidi ada ya burudani kuliko kamari. Hata hivyo nakuomba ufanye hesabu moja. Watu kumi wakitoa viingilio kumi, mshindi huondoka na vitano, wa pili na vitatu, wa tatu na viwili, na saba wanaobaki huondoka mikono mitupu. Kila ulichowahi kukipeleka nyumbani kilitoka kwenye mifuko ya watu unaotaka waamini kwamba unawapenda. Huenda hawakuumia. Lakini swali kwamba ni nani ameumia ni lako kuliuliza, na ndipo linapokuja jambo ulilosema umelisahau.

Ndugu yangu, katika barua yako ndefu hilo ndilo lililonishtua, nawe umelitaja katika aya moja fupi. Kijana anayetoka mapema, anayenunua chipu upya mara mbili au tatu kwa usiku mmoja, na anayekopa ili aendelee kucheza, anafanya mambo ambayo ni dalili za mwanzo za mtu anayeelekea kushikwa na kamari: anakimbiza alichokipoteza, na anatumia fedha ambazo hana. Huenda ni kipindi kibaya tu, na huenda ni zaidi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, na watu walionaswa humo kwa kawaida huwa hodari wa kuficha, kwa hiyo unachokiona mezani kinaweza kuwa sehemu ndogo ya anachokipoteza kwingine. Mlipoanza, hasara ya juu kabisa kwa mtu mmoja ilikuwa mlo mmoja wa jioni. Ruhusa ya kununua chipu upya imeondoa kikomo hicho, na kwa kijana huyu imekuwa milo mitatu au minne, ambayo baadhi yake umeilipia wewe.

Naye ndiye anayekuuliza maswali ya imani. Sitaki kuyadharau maswali yake, yawezekana yanatoka moyoni kabisa. Lakini mtu anayedaiwa huwa msikivu sana kwa mdai wake, nawe umekiri kwamba ulimpa mkopo ili akusikilize. Huo si wema, ni chambo. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba alikuwa radhi kuwapa si Injili tu bali na nafsi yake pia, na sidhani kama alimaanisha fedha za kiingilio. Msamehe deni hilo, umwambie waziwazi kwamba limefutwa na kwamba hutamkopesha tena kwa ajili ya karata. Mwambie mkiwa wawili, mbali na meza, na umuulize hali yake kama mtu unayemjali: analala vizuri, anacheza kwingine, kuna mtu nyumbani anayejua? Kisha unyamaze umsikilize. Akikiri kwamba hawezi kuacha, usimpe aya na kumwacha hapo. Msindikize kwa mshauri wa afya ya akili, au kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kutoka katika kamari, kama vile Gamblers Anonymous, ambacho kilianzia Los Angeles mwaka 1957 na sasa kipo katika nchi nyingi. Na ikiwa kukaa kwako mezani kunamfanya naye akae, basi wewe ndiye unayepaswa kuinuka. Paulo alikuwa tayari asile nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Kukosa Jumamosi mbili kwa mwezi si gharama kubwa.

Zungumza na mwenyeji pia. Unaweza kumpendekezea, bila kulitaja jina la kijana, kwamba ununuzi wa chipu upya ukomeshwe, ili anayetoka awe ametoka. Ukitaka kujua kama watu wanakuja kwa ajili ya fedha au kwa ajili ya kuwa pamoja, pendekeza pia kwamba Jumamosi moja mchezee kikombe tu, bila kiingilio. Wakikataa, si kosa lao, lakini utakuwa umejifunza kitu kuhusu meza unayokaa. Mwenyeji huyo, kwa njia, amekufanyia hisani kubwa kukueleza ukweli faraghani. Mshukuru, na umwahidi kwamba hakuna mgeni wake atakayehubiriwa tena akiwa ameshika karata.

Kwa maana hiyo swali lako la pili linajibika kirahisi kuliko la kwanza. Mezani, wakati wengine wanaamua kuhusu dau zao, usiseme chochote cha imani. Ni kuvuruga mchezo, na kila mchezaji anajua kwamba kuzungumza ovyo wakati wenzako wanacheza ni utovu wa adabu. Ukiwa umetupa karata zako, na mchezaji makini hutupa nyingi, una muda wa kumuuliza jirani yako habari za mama yake aliyelazwa, na kukumbuka alichokujibu mara iliyopita. Waliotolewa mapema hukaa pembeni wakisubiri, mara nyingi wakiwa wapweke kidogo. Wewe ukitoka mapema, usikimbilie nyumbani. Petro aliandika kwamba tuwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Angalia neno "awaulizaye." Kwa miezi mingi umekuwa ukijibu maswali ambayo, ukimwondoa yule kijana, hakuna aliyeyauliza. Watakapouliza, jibu kwa dakika mbili, si ishirini, na kama mtu anataka zaidi, mtafutane siku nyingine pasipokuwa na chipu kati yenu. Asipouliza mtu kwa mwaka mwingine mzima, bado watakuwa rafiki zako, na sharti uwe umeridhika na hilo, la sivyo urafiki wako wote ulikuwa mkwara mwingine.

Mke wako yuko sahihi kwamba Yesu alikula na watoza ushuru. Ila tazama mlo ule nyumbani kwa Lawi, katika Luka 5: waliolalamika walikuwa Mafarisayo, na hatusikii kwamba wageni wa Lawi walimwomba mwenyeji asimwalike tena. Kwako wewe imekuwa kinyume, nalo ndilo la kurekebisha.

Ukishamaliza na mchungaji wako na yule kijana, na kama bado mlango uko wazi, Jumamosi itakayofuata fika mapema, umsaidie mwenyeji kupanga viti, na vipeperushi uviache nyumbani. Mzee akifika, mwendee kabla karata hazijachangwa, umwombe radhi kwa kumwonyesha yale magarasa mbele ya watu. Usiombe radhi kwa mkwara. Yeye ni mchezaji, ataijua tofauti.

Wako katika Kristo,
Mshauri